Rangi mbichi nyeusi chini ya 4x4 kuukuu isikuhadae

Kwa Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu magari makuukuu ya 4x4 yanayouzwa hapa Nairobi, yawe ya kwenye yadi za Ngong Road na Kiambu Road au ya mtu binafsi anayeuza langoni kwake. Mengi humfikia mteja yakiwa yameoshwa, yamepigwa polishi, na chini yamepuliziwa rangi nyeusi au lami mbichi inayong'aa. Mnunuzi huinama, huona weusi mtupu, huinuka akiwa ameridhika. Sisi tunaoshinda tukikata na kuchomelea chasisi tunaiona rangi hiyo kwa jicho jingine. Hakuna anayepaka chini ya gari wiki moja kabla ya kuliuza kwa sababu analipenda.

Injini ya Pajero, Trooper au Prado ikifa, utatafuta nyingine Kirinyaga Road au Industrial Area, na baada ya siku chache gari litakuwa barabarani. Chasisi haina njia hiyo. Inabeba springi, ekseli, usukani, tangi la mafuta na bodi nzima, na namba iliyogongwa juu yake ndiyo iliyo kwenye logibuku. Kipande chenye namba kikioza, huwezi kukikata na kuchomelea kingine kimyakimya. Namba ya chasisi ni suala la NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na polisi, na fundi anayekuambia ataigonga upya mwenyewe anakuingiza mashakani. Kwa hiyo anayenunua 4x4 ya miaka 15, 20 au 30 ananunua kwanza chasisi. Viti, redio na hata moshi wa injini vinaweza kungoja.

Nairobi yenyewe haina kutu kali. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na upepo wake hauna chumvi. Gari lililoishi hapa tangu likiwa jipya, na likatunzwa, linaweza kufikisha miaka 30 likiwa na kutu ya juu tu. Ukikuta chasisi inayobanduka magamba, uliza gari hilo limeishi wapi. Japani kwenye theluji, hasa Hokkaido na mikoa ya kaskazini, barabara humwagiwa chumvi ya kawaida na kloridi ya kalsiamu ili barafu iyeyuke. Uingereza nako humwaga chumvi kila majira ya baridi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu hewani unyevu huo ukifika asilimia 75 hivi, na asubuhi nyingi za Nairobi hupita hapo. Kloridi ya kalsiamu inahitaji kama asilimia 30 tu. Hii ndiyo sababu gari lililotoka kwenye theluji miaka kumi iliyopita bado linaliwa ndani ya mihimili ya chasisi hata Januari yenye jua kali: chumvi iliyokwama humo haijawahi kukauka. Kulipeleka gari mahali pakavu hakusimamishi kutu kama hiyo mpaka chumvi yenyewe itolewe.

Kwa anayeagiza kutoka Japani, na sheria yetu inataka gari lisilozidi miaka minane, karatasi ya ukaguzi ya mnada ni rafiki mzuri kuliko picha za muuzaji. Kwenye mchoro wa gari, herufi A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipowahi kurekebishwa, S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa dosari. Mchoro huo huonyesha bodi ya juu, kwa hiyo tafuta pia maandishi ya mkaguzi yanayotaja kutu ya chini, na umwombe mtu anayesoma Kijapani ayatafsiri yote, si alama ya jumla peke yake. Gari la alama 4 linaweza kuwa na rangi safi juu na chasisi mbovu chini. Huko Japani pia ni kawaida gari kupuliziwa rangi nyeusi chini linapopelekwa ukaguzi, kwa hiyo weusi si jambo la mafundi wa hapa peke yao. Kwa Land Rover zilizotoka Uingereza, historia ya ukaguzi wa kila mwaka huonekana bure mtandaoni kwa namba ya usajili ya huko, pamoja na maonyo ya mkaguzi kuhusu kutu. Muuzaji mwenye karatasi za zamani hana sababu ya kukunyima namba hiyo.

Kenya nayo ina sehemu zake za kuogopwa. Gari lililofanya kazi Mombasa, Diani au Lamu lina chumvi ya bahari, na lililowahi kuendeshwa ufuoni mawimbi yakilirushia maji ni baya zaidi. Vumbi la Magadi lina magadi na chumvi pamoja. Magadi hushambulia alumini, na Land Rover Defender imevikwa alumini karibu mwili mzima. Halafu kuna udongo mweusi wa Kitengela, Ruai na Athi River. Udongo huu hauna chumvi nyingi, ubaya wake ni kunata. Hujaa juu ya mihimili na ndani ya matao ya magurudumu, huziba vitundu vya kutolea maji, kisha hushika unyevu wiki nzima baada ya mvua kukatika. Tena wako wanaoosha gari kwa maji ya kisima ya chumvi, yale yasiyofaa hata kwa chai, wakidhani wanalisafisha.

Sasa twende chini ya gari. Chukua nyundo ndogo ya gramu 200 au 300, bisibisi bapa, tochi yenye mwanga mkali, kioo kidogo chenye mkono, sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba, na boksi la kulalia. Kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu itakufaa sana, na haina bei ya kutisha. Miwani ya kukinga macho ni lazima kwa sababu magamba ya kutu huanguka. Gari liwe juu ya shimo la gereji au juu ya stendi imara kwenye sakafu ya saruji. Usilale chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hasa gari ambalo hujajua kama mahali jeki ilipoegemea pamekwisha kuoza.

Anza nyuma. Mhimili wa kukingama wa mwisho, ule unaofungwa ndoana ya kuvutia, hupokea matope ya magurudumu yote na mara nyingi ndio wa kwanza kutoboka. Kisha fuata kila mhimili mrefu kwenda mbele ukigonga kila baada ya sentimita tano. Chuma kizima hulia na nyundo hurudi mkononi. Chuma kilicholiwa hutoa sauti butu, na wakati mwingine utasikia magamba yakimwagika ndani kama mchele kwenye debe. Ukisikia hivyo, kutu imeanzia ndani, na rangi ya nje haina habari yoyote ya kukupa. Mihimili ya 4x4 nyingi ni maboksi matupu. Maji na matope huingia kwa matundu yaliyoachwa kiwandani, hutulia sehemu ya chini kabisa, na chuma huliwa kuja nje. Unapoona kidoti cha kwanza cha kutu kwenye rangi, unene wa awali wa milimita 2 au 3 unaweza kuwa umebaki kama kopo la soda.

Sehemu inayosahauliwa na karibu kila mnunuzi ni mgongo wa mhimili pale unapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma. Huwezi kuuona ukiwa umelala, kwa kuwa bodi imeufunika. Ingiza mkono uupapase, halafu weka kioo na tochi, au pitisha kamera. Matope hukaa hapo miaka bila kuguswa. Tangi la mafuta nalo huficha upande mmoja, na gurudumu la akiba huficha mwingine. Mwombe muuzaji alishushe gurudumu la akiba. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na akikataa umepata jibu.

Ukifika panapofungwa springi, mikono ya ekseli, boksi la usukani na mikanda ya viti, punguza mwendo. Wakaguzi wa Uingereza hutumia kipimo kizuri ambacho nasi twaweza kukiazima: kutu inayodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panapofungwa breki, usukani, springi au mkanda wa kiti ni sababu ya kukataa gari. Weka bisibisi hapo usukume kwa nguvu ya mkono. Usiipige nyundo, maana hata chuma kizuri huumia. Ikizama, hapo hapana chuma. Lami nene ikikuzuia usione, ikwangue kidogo kwa idhini ya mwenye gari. Lami iliyopakwa juu ya chuma safi hushika. Ile iliyopakwa juu ya magamba hutoka vipande vipande, na upande wa ndani wa kipande utakuwa wa rangi ya chungwa.

Paipu za breki za chuma zipitie kwa vidole kutoka mbele hadi nyuma, hasa pale zinaposhikwa na vibanio, kwa sababu maji hukaa nyuma ya kibanio. Paipu iliyovimba au yenye mashimo madogo isafishwe wapi? Ibadilishwe tu. Saizi ya kawaida ni milimita 4.75, na paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli haiozi upesi na hupindika vizuri kwa mkono. Usikubali kuunganishiwa kipande kifupi katikati ya paipu iliyochakaa, kwa kuwa palipobaki patapasuka siku utakayokanyaga breki kwa nguvu.

Kwenye bodi tutapita haraka, maana bati la bodi hupatikana. Sumaku ikiteleza mahali bila kushika, chini yake kuna fila, ule uji mgumu wa kujazia mashimo ya bodi. Kama una kipimo cha unene wa rangi, rangi ya kiwandani huwa mikroni 100 hadi 150 hivi, na ukiona 300 na kuendelea kuna kazi imefanywa hapo. Kwenye Defender sumaku haikusaidii, kwa sababu alumini haivutwi na sumaku hata ikiwa nzima. Huko tafuta unga mweupe na rangi iliyovimba pale alumini inapokutana na chuma. Inua mazulia yote na uguse sakafu chini yake. Zulia lenye maji linaonyesha kwamba kioo cha mbele au mpira wa mlango unavuja, na sakafu inaliwa kutokea juu. Kioo kilichobadilishwa na fundi aliyekwaruza fremu kwa kisu na kupaka gundi juu ya mkwaruzo huleta kutu kwenye pembe zake baada ya mvua chache.

Kila gari lina kidonda chake. Land Rover Defender na Series huoza mhimili wa nyuma, mikono ya chasisi inayobeba bodi, na ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva, hasa pembe zake za juu karibu na bawaba za milango. Discovery ya pili huoza chasisi kuanzia ekseli ya nyuma kurudi mwisho, wakati mbele pakiwa bado pazuri, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Pajero ya kizazi cha pili ina chasisi ya kutengana na bodi, lakini ile ya kizazi cha tatu, iliyoanza 1999, haina, kwa hiyo vizingiti vya milango na sakafu vikioza nguvu ya gari lenyewe imekwenda. Land Cruiser 80 ina chasisi nene, ila angalia matao ya nyuma, mlango wa nyuma wa chini na paipu za hita ya nyuma. Kwenye Suzuki ndogo angalia sakafu, na pale bodi inapokalia chasisi.

Wapo watakaosema Toyota haina ugonjwa huu. Mwezi Novemba 2016 kampuni hiyo ilikubali mapatano nchini Marekani ya hadi dola bilioni 3.4 kwa ajili ya chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikitoboka kwa kutu. Prado na Surf zilizotoka kwenye theluji tunaziona zikiwa na mashimo juu ya ekseli ya nyuma na kwenye mabano ya mikono ya chini. Jina lililo kwenye boneti halizuii chumvi.

Baada ya ukaguzi, amua hivi. Kutu ya juu isiyobanduka, ambayo ukiikwangua chuma cheupe kinaonekana, si sababu ya kuacha gari. Ni sababu ya kupunguziwa bei ya siku mbili tatu za kazi na vifaa. Shimo moja kwenye mhimili wa nyuma au kwenye mkono wa kubeba bodi linarekebishika. Mashimo pande zote mbili juu ya ekseli, au viraka vya zamani vilivyochomelewa juu ya viraka vingine, gari hilo liache hata likiwa la bei rahisi. Kiraka kilichopachikwa juu ya kutu bila kukata huacha nafasi nyembamba kati ya mabati mawili, maji hunyonywa humo na hayatoki, na chuma cha pembeni kilichokuwa kizima huoza kikifuata. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana mabati hayo yatatanuka na kupasua welding.

Anayeamua kurekebisha amsimamie fundi kwa mambo machache ambayo hayana mjadala. Betri ifunguliwe nyaya zote mbili, na kompyuta ya injini itolewe plagi kama gari linayo. Waya wa kurudisha umeme wa mashine ubanwe karibu na mahali panapochomelewa, la sivyo umeme utapita kwenye bearing na kuziunguza. Tangi la mafuta lishushwe, lisifunikwe tu kwa gunia lililoloweshwa. Paipu za breki na za mafuta zisogezwe. Gari likae kwenye stendi nne zilizo sawa chini ya chasisi, na kabla ya kukata pima kutoka pembe ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha pembe nyingine mbili, uandike. Vipimo hivyo virudiwe baada ya kila hatua, na vikianza kutofautiana kwa zaidi ya milimita 5, simamisha kazi kabla gari halijawa la kutembea upande.

Kata mpaka ufikie chuma cheupe chenye unene wake kamili, hata kama shimo la ukubwa wa kidole litakuwa la ukubwa wa kiganja. Kiraka kiwe cha bati la milimita 3, pembe zake zimeviringwa. Kikiwa kirefu ncha zake zikatwe mshazari, kwa sababu mstari wa welding uliokata mhimili wima kuanzia juu hadi chini ndio ambapo chasisi itavunjikia. Mashine ya waya wa milimita 0.8 yenye gesi ya argoni na kaboni dioksidi inafaa kuliko welding ya fimbo. Fundi hodari wa fimbo anaweza kufanya kazi nzuri kwenye milimita 3, lakini kwenye chuma kilichobaki milimita 2 fimbo hutoboa, na hapo huanza kujaza mashimo aliyoyafanya mwenyewe. Achomelee vipande vya sentimita mbili tatu akibadilisha pande ili joto lisikunje mhimili. Bati lililochovywa zinki liparwe zinki yake kwanza. Moshi wa zinki huleta homa inayomlaza fundi usiku huohuo.

Kwa kutu isiyotoboa, kazi yote iko kwenye kusafisha, na rangi ni sehemu ndogo tu. Osha chini kwa mashine ya maji na sabuni, mara mbili, kwa maji matamu. Ingiza mpira mwembamba ndani ya mihimili uache maji yatiririke mpaka yatoke safi, hasa kwa gari la theluji au la pwani. Acha likauke siku mbili, au pulizia hewa ya kompresa. Ng'oa magamba kwa kwanguo na nyundo, kisha tumia diski ya msasa namba 80. Brashi ya waya kwenye grainda huwadanganya wengi: hung'arisha kutu mpaka ionekane chuma, ilhali mashimoni bado imejaa. Mchanga wa kupuliziwa kwa hewa ni bora zaidi ukipata anayeufanya, mradi mabomba, mihuri ya mafuta na bushi zifunikwe.

Palipobaki madoa meusi ndani ya mashimo, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforasi, safu nyembamba kwa brashi, uache kama kibandiko kinavyosema, mara nyingi saa 24. Kuipaka juu ya magamba ni kutupa pesa, kwa kuwa haipenyi. Futa kwa thina, kisha praima ya epoksi ya makopo mawili, safu mbili, ukichanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo na si kwa macho. Praima ya zinki ni nzuri, lakini inataka chuma kitupu. Juu ya dawa ya kugeuza kutu haifanyi kazi yake, kwa kuwa zinki lazima iguse chuma ndipo iliwe badala yake. Malizia kwa rangi ngumu ya chasisi, safu mbili. Chasisi ya ukubwa wa Prado hula lita 1 ya dawa, lita 2 za praima na lita 2 hadi 3 za rangi. Januari na Februari ni miezi mizuri. Julai hakuna mvua nyingi, lakini usiku wa Nairobi hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na epoksi hukauka polepole mno. Ukiiharakisha kwa kupaka safu ya pili kabla ya wakati, itabanduka kama ngozi.

Ndani ya mihimili rangi haifiki. Huko hupuliziwa nta maalumu ya mashimo kwa kompresa na mpira mrefu wenye ncha inayotawanya pande zote. Weka kopo kwenye beseni la maji ya moto mpaka nta iwe nyepesi. Anza mwisho wa mhimili ukirudi polepole mpaka uione ikidondoka kwenye vitundu. Lita 3 zinatosha chasisi, na lita 1 zaidi kwa milango, vizingiti na mlango wa nyuma. Fanya hivi baada ya kuchomelea, kwa sababu nta huungua na kushika moto. Dondoo zikikauka, pitisha spoki ya baiskeli kwenye kila kitundu cha kutolea maji ili nta yenyewe isikizibe. Anayeziba vitundu hivyo kwa lami ili "maji yasiingie" anayafungia maji ndani.

Na oili chafu? Swali hili huulizwa kila mara, tena na watu wenye akili timamu, kwa kuwa ni ya bure. Ni kweli hupunguza kasi ya kutu kwa miezi michache. Lakini ina asidi na masizi ya injini, huvimbisha mpira wa bushi na mihuri, hunasa vumbi likawa uji mweusi, na hudhuru ngozi ya kila fundi atakayelala chini ya gari hilo baadaye. Pia hudondoka kwenye udongo wa plotini. Lami nene nayo huwa nzuri mwaka wa kwanza. Ikikauka hupasuka nyufa nyembamba, maji huingia nyuma yake, na kutu huendelea gizani.

Utunzaji wenyewe hauna mengi. Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi, fungua vitundu, toa udongo kwenye matao na mgongo wa mhimili kwa mkono na mpira wa maji, na uguse nta palipokwaruzwa na mawe. Ukitoka pwani au Magadi, osha chini siku hiyohiyo ufikapo, siyo bodi tu. Vijana wa kuosha magari huanza na matairi na kumaliza na vioo, kwa hiyo uwaambie mapema kwamba unalipia chini.

Tuna ombi moja kwa wakadiriaji wa thamani na kampuni za bima. Ripoti nyingi za ukadiriaji huwa na picha za mbele, nyuma, pembeni na dashibodi. Ukaguzi wa kila mwaka umezoeleka kwa matatu na malori, huku 4x4 ya mtu binafsi ikizeeka bila yeyote kuitazama chini, na bima hailipi gari lililovunjika kwa kutu. Tunaomba ripoti ya kila 4x4 iliyozidi miaka kumi iwe na picha sita zaidi: mhimili wa kukingama wa nyuma, mgongo wa mihimili miwili juu ya ekseli, mabano ya springi kulia na kushoto, na paipu za breki zinapopita juu ya ekseli ya nyuma. Mkadiriaji aandike pia kama chini pamepakwa rangi au lami karibuni. Mwenye shimo la gereji na simu yenye tochi atazipiga kwa dakika kumi.

Mafundi wa bodi na chasisi,
Industrial Area, Nairobi